Scratch au Python kwa wanafunzi wa Tanga?

Mwekee mtoto wa darasa la sita pale Ngamiani kompyuta yenye Scratch, lugha ya kuandika programu kwa kuunganisha vitalu vya amri, na muda si mrefu paka anatembea kwenye skrini. Vitalu vinashikana vyenyewe, na ukishaipakua haihitaji intaneti. Raha tupu. Ila mtoto anabandika na kubandua mpaka mambo yakae sawa, bila kujua kwa nini yamekaa.

Python, lugha ya programu inayoandikwa kwa maneno, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, haina huruma hiyo. Sahau nukta mbili mwishoni mwa mstari wa "if", programu inagoma na kukutajia namba ya mstari. Hapo ndipo kujisimamia kunapoanzia: mwanafunzi asome ujumbe wa kosa, akisie chanzo, arekebishe kitu kimoja tu, aendeshe tena, aandike daftarini alichojaribu. (Ujumbe wenyewe ni wa Kiingereza na wengi hukwama hapo, mwalimu awatafsirie mwanzoni, si kila siku.)

Wa msingi ningewapa Scratch, kwa sharti kwamba mpango uchorwe kwenye karatasi kabla ya kuwasha mashine. Wa sekondari, Python moja kwa moja, hata wakinuna.