Miaka miwili na Mercedes SLK ya paa la kukunjwa: uzoefu wangu Dar es Salaam

Nilinunua Mercedes-Benz SLK 200 Kompressor ya mwaka 2006 kutoka Uingereza, ikashuka bandarini Dar es Salaam ikiwa na usukani wa kulia, injini ya lita 1.8 yenye nguvu farasi 163, gia otomatiki, na kitabu cha maelekezo ambacho sikukifungua kwa miezi mitatu ya kwanza. Uvivu huo wa kutosoma ndio unaonifanya niandike tathmini hii, kwa sababu karibu kila shida niliyoipata na gari hili jibu lake lilikuwa limelala ndani ya dashibodi muda wote. Habari za injini na mafuta sitazirefusha, kwani hazitofautiani sana na za Benzi nyingine ya umri huo: inakimbia vizuri, inakula mafuta kwa kiasi, na spea zake zinataka subira. Mtu hanunui SLK kwa ajili ya hayo. Anainunua kwa ajili ya paa.

Kizazi hiki, ambacho watu wa magari hukiita R171, kilitoka mwaka 2004 kikachukua nafasi ya kile cha kwanza cha mwaka 1996, na vyote viwili vina paa gumu linalojikunja lenyewe na kuingia ndani ya buti badala ya turubai. Swichi yake iko katikati ya viti viwili, karibu na gia. Umeme wa gari ukiwa umewashwa, unaishika swichi hiyo na kuendelea kuishikilia mpaka kazi yote iishe. Ukiiachia, kila kitu husimama palepale kilipofika. Kwanza vioo vya milangoni hushuka, pamoja na vile viwili vidogo vya nyuma ambavyo abiria wengi hata hawajui kwamba vinashuka. Kisha mfuniko wa buti huinuka kinyume na ulivyozoea, yaani unafunguka kutoka upande wa viti na kulalia nyuma, paa linaachana na fremu ya kioo cha mbele na kujikunja, kioo cha nyuma kinageuka njiani ili mkunjo wote usile nafasi kubwa, na mzigo huo unalala ndani ya buti kabla mfuniko haujarudi mahali pake. Sekunde 22 kwa mujibu wa watengenezaji, na saa yangu haijawahi kubishana nao. Kwa mtoto anayetazama akiwa kando ya barabara sekunde hizo ni sinema nzima, lakini kwa dereva aliyekosea mahali pa kuanzia ni ndefu kuliko kikao cha mirathi.

Nilikosea mahali pa kuanzia mwezi wa Novemba, mvua za vuli zilipokuwa zimeanza. Nilikuwa kwenye taa za makutano ya Morocco, hapa hapa Dar es Salaam, paa likiwa wazi, wingu likashuka ghafla, nami nikahesabu kwamba taa nyekundu ingenitosha kulifunga. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kwa upande wa taa, ila nilimsahau askari wa usalama barabarani aliyekuwa ameshika makutano, ambaye aliwasimamisha wengine akaruhusu upande wetu paa langu likiwa limesimama hewani kama mdomo wa mamba, na mfuniko wa buti ukiwa umeinama juu ya tairi la mbele la bodaboda aliyekuwa amejisogeza nyuma yangu. Honi zikaanza. Nikaiachia swichi kwa hofu, nikasogea hatua chache, gari likaanza kulia kengele ya onyo, nikasimama tena katikati ya njia nikilowa pamoja na viti vyangu vya ngozi huku abiria wa daladala wakinipa ushauri kutoka dirishani. Mwendesha bodaboda, Mungu ambariki, alirudi nyuma mwenyewe bila kuambiwa, kisha nikaishikilia swichi mpaka mwisho.

Siku hiyo usiku ndipo nilipokisoma kitabu, na kinasema wazi kwamba gari hili linataka liwe limesimama kabisa ndipo paa liguswe, kwamba haifai kuendesha likiwa nusu, na kwamba haifai kuliacha limening'inia, kwa kuwa linashikiliwa na shinikizo la mafuta ya haidroliki ambalo linaweza kupungua na paa likashuka lenyewe. Tangu hapo nina desturi ambayo siivunji. Natoka barabarani, naingia mahali penye nafasi, natazama juu kama kuna tawi la mwembe au dari fupi la maegesho ya chini ya jengo, natazama kioo cha nyuma kama kuna mtu au pikipiki ndani ya hatua moja kubwa, ndipo nagusa swichi. Mkono wa abiria uliozoea kuegemea ukingo wa dirisha huwa nauomba uende mapajani, kwa sababu viungo vya paa hilo havitofautishi chuma na kidole.

Kisa cha pili kilinigharimu wiki mbili. Asubuhi moja paa liligoma kabisa: nikishika swichi hakuna kinachosogea, na kwenye kioo kidogo kati ya mshale wa mwendo na ule wa mizunguko ya injini yanatokea maandishi ya Kiingereza kuhusu buti, nami nikadhani buti halijafungwa vizuri, nikalifunga na kulifungua mara kumi. Fundi wa kwanza alilitazama gari, akasikiliza, akasema pampu ya haidroliki imekufa na kwamba mpya ingenigharimu laki tisa bila ufundi. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei kwa watu wa spea wakati jirani aliponipeleka kwa fundi mzee mmoja wa Ilala, ambaye hakugusa hata spana. Aliniuliza, “Dada, mara ya mwisho ulibeba nini humu?” Nikamwambia mchele, kiroba cha kilo 25. Akafungua buti, akalishika pazia lililokuwa limejikunja upande mmoja, akalivuta taratibu mpaka likanasa pande zote mbili, akafunga buti na kuniambia nijaribu. Paa likafunguka.

Pazia hilo ndilo linalogawa buti kati ya sehemu ya mizigo na sehemu ya kulala paa. Paa likiwa juu buti lina lita 300, likiwa limekunjwa zinabaki 208, na gari halikubali kulikunja mpaka lihakikishe kwamba pazia limevutwa, kwa kuwa bila hivyo paa lingeshukia begi lako au kiroba chako na kuharibu vyote viwili. Nilikuwa nimelifungua ili mchele upate kukaa vizuri nikasahau kulirudisha. Kwa maneno mengine, gari lilikuwa likinikatalia kwa sababu ya msingi, na mimi pamoja na fundi wa kwanza tulikuwa tukiuita ukataaji huo ugonjwa. Mzee yule alikataa malipo, akaomba tu nimfikishe Magomeni paa likiwa wazi, na njia nzima alikuwa akiwapungia watu mkono. Yeyote anayenunua gari la namna hii, la kampuni yoyote, ajiulize mambo matatu kabla ya kumwita fundi: pazia la buti limenasa, buti limefungwa, na betri ina nguvu ya kutosha? Pampu hiyo inavuta umeme mwingi, nami huwasha injini kwanza kila ninapolichezea paa.

Sasa usalama, jambo ambalo watu huniuliza kwa wasiwasi zaidi kuliko bei. Gari la kawaida likipinduka, paa lake na nguzo zake ndizo zinazobaki kati yako na lami. Gari hili paa likiwa butini, kazi hiyo inabebwa na vitu viwili: nguzo za kioo cha mbele, ambazo zimeimarishwa kwa chuma kigumu kuliko cha kawaida, na pinde mbili za chuma zilizosimama nyuma ya viti. Katika SLK pinde hizo zimesimama siku zote, tofauti na Mercedes SL ya mwaka 1989, ambayo upinde wake ulikuwa umejificha na kuruka juu ndani ya sehemu 3 za kumi za sekunde pale gari lilipohisi linapinduka. Mimi napenda huu unaoonekana. Hauhitaji kuamka.

Lakini pinde zinakulinda tu kama kichwa chako kiko chini ya mstari unaotoka juu ya kioo cha mbele hadi juu ya upinde, na hilo hakuna muuzaji aliyenieleza. Nilichukua mpini wa fagio, nikaulaza kutoka fremu ya kioo hadi kwenye upinde, nikamwambia kaka yangu, ambaye ni mrefu wa ajabu, aketi kama anavyoketi siku zote. Mpini ulimgusa nywele. Tukashusha kiti mpaka chini, tukakirudisha nyuma na kulaza egemeo kidogo, ukabaki upana wa vidole vinne hivi. Sasa hupanda kwa masharti hayo, na huwa ananung'unika kwamba amekaa kama mtu aliye ndani ya mtumbwi.

Mkanda wa usalama katika gari la wazi hauna mjadala hata kwa safari ya kwenda dukani, kwani hakuna dari ya kukuzuia usirushwe nje. Mikanda ya SLK hujikaza yenyewe gari linapogonga, na mifuko ya hewa iko mbele ya dereva na abiria pamoja na ubavuni, ambapo ile ya ubavuni imetengenezwa kulinda kifua na kichwa pamoja, kwa sababu gari lisilo na paa la kudumu halina mahali pa kuning'iniza mfuko wa pazia unaoshuka kutoka darini. Kwa mtoto nina msimamo mkali kidogo. Viti ni viwili tu, cha mtoto kinachotazama nyuma hakipaswi kamwe kuwekwa mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, na mfumo wa gari hili wa kuuzima unataka kiti maalumu chenye chipu ambayo kiti cha abiria huitambua. Sina kiti hicho, kwa hiyo binti yangu hupanda gari la baba yake, na kilio chake cha Jumapili asubuhi nimekizoea.

Tahadhari nyingine ni kwa wanaoagiza kutoka Uingereza. Namba kubwa kwenye mshale wa mwendo ni za maili, na za kilomita zimeandikwa kwa udogo. Kwenye eneo la makazi, ambako mwisho ni kilomita 50 kwa saa, mshale wangu unatakiwa uwe kwenye 30 na kidogo tu. Ukiufikisha kwenye 50 kwa mazoea, unakwenda kilomita 80, na askari mwenye tochi ya kupimia mwendo hatajali gari limetoka nchi gani.

Kuhusu hali ya hewa, niseme kweli: saa sita mchana Dar es Salaam paa hilo halifunguki, si kwa hitilafu bali kwa akili. Jua la utosini, moshi wa malori na vumbi la kandokando vinamaliza raha ndani ya dakika tano, na kwenye foleni gari la wazi ni kapu lisilo na kifuniko, kila mpita njia anaiona simu yako. Mimi hufungua alfajiri za mwisho wa wiki, nikapita Daraja la Tanzanite bahari ikiwa bado ya kijivu, vioo vikiwa juu na wavu wa kuzuia upepo ukiwa umefungwa kati ya pinde, na hapo tunaweza kuzungumza bila kupaza sauti. Gari langu lina pia ule mfumo uitwao Airscarf, unaopuliza hewa ya moto shingoni kutoka kwenye egemeo la kichwa, na ambao kizazi hiki cha SLK ndicho kilichouleta. Mjini kitufe chake ni pambo. Lakini Julai tulipopanda Lushoto, ukungu ukiwa umetanda mpaka barabarani, tulikwenda paa likiwa wazi shingo zikiwa na joto na pua zikiwa baridi, nikamsamehe aliyebuni kitu hicho.

Matunzo yake ni ya mipira zaidi kuliko ya mitambo. Paa limeungana mahali pengi, na kila kiungo kina mpira ambao jua na chumvi ya bahari huukausha. Naifuta kwa kitambaa chenye maji, ikikauka naipaka mafuta maalumu ya mipira, kamwe si oili ya injini, na vijana wa kuosha magari nimewaomba wasielekeze mashine ya presha kwenye maungio, ombi ambalo hulisahau kila wiki, kwa hiyo huwa nasimama palepale. Mpira wa juu ya mlango wa dereva umeanza kupasuka na tone moja hudondoka begani mvua ikiwa kubwa. Mpya nimeuagiza Uingereza, na natumaini utafika kabla ya masika.