Betri ipi uitie kwenye kamera ya ulinzi: mwongozo kwa mnunuzi wa Tanga

Kabla hujaenda dukani Ngamiani, fungua kifuniko cha betri cha kamera usome kilichoandikwa ndani. Tazama volti kwanza, ukubwa baadaye. Seli ya lithiamu ya saizi ya 14500, yenye volti 3.7, inaingia sawasawa kwenye tundu la betri ndogo ya AA ya volti 1.5. Ukizitia mbili mfululizo zikiwa zimejaa, kamera iliyotengenezwa kwa volti 3 inapokea volti 8.4, na inaweza kuungua papo hapo.

Jambo la pili ni joto. Betri ya kawaida ya lithiamu haifai kuchajiwa ikiwa imepita nyuzi 45. Msimu wa kaskazi, kamera iliyofungwa ukuta wa magharibi, chini ya bati, inafika hapo alasiri, na sola nayo inaendelea kusukuma chaji. Ndivyo betri zinavyovimba. Funga kamera kivulini, kisha uvute waya wa mita 3 upeleke paneli juani. Kwa sababu hiyo tumezipanga betri kwa usalama wake, si kwa namba kubwa iliyobandikwa juu.

Ya kwanza ni pakti ya lithiamu ya chuma na fosfeti, LiFePO4, ya volti 12.8, iwekwe nje ya kamera. Aina hii inastahimili joto kuliko lithiamu nyingine na ni vigumu zaidi kushika moto. Pakti ya ampea-saa 6 ina takriban wati-saa 77: kamera inayotumia wati 2 mfululizo itakesha nayo zaidi ya saa 30, hata ukitoa upotevu. Dai yenye saketi ya ulinzi ndani, ile mafundi wanayoiita BMS. Kontrola ya sola, yaani kifaa kinachodhibiti chaji ya paneli, iwe na mpangilio wa LiFePO4, ikatishe chaji kati ya volti 14.4 na 14.6. Weka fyuzi ya ampea 3 karibu kabisa na ncha ya chanya, kisha kipunguza volti cha 12 kwenda 5 kama kamera inatumia waya wa USB. Pakti hii haichomekwi ndani ya kamera ya volti 3.7 kwa namna yoyote.

Ya pili ni betri ya kampuni iliyotengeneza kamera yako. Ni ghali, lakini inaoana na chaja yake.

Ya tatu ni seli za 18650, na hapa ndipo watu wanapoumia sana. Seli hii ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65. Yenye saketi ya ulinzi hufika karibu 70, kwa hiyo pima tundu kwanza. Seli nzuri za Samsung, LG au Panasonic zinabeba miliampea-saa 2,500 hadi 3,600. Ukikuta imeandikwa 9,900, irudishe hapo hapo. Ujazo huo hauingii kwenye kopo la ukubwa ule. Jina nalo linaghushiwa, kwa hiyo omba mizani ndogo, hata ya sonara: seli halisi ina gramu 44 hadi 50, na nyingi za bandia ni nyepesi mno. Kisha pima volti kwa mita ya umeme. Mpya huwa volti 3.4 hadi 3.7. Iliyoshuka chini ya 2.5 usiichaji, hata muuzaji akikuapia kwamba itaamka.

Kama kamera inakula seli mbili au zaidi kwa pamoja, nunua zote za aina moja na siku moja, na tofauti ya volti kati yake isizidi 0.05. Vinginevyo, zikiwa zimeungwa sambamba, iliyojaa inamwagia nyenzake mkondo mkubwa. Chunguza pia ganda la plastiki: kopo lote ni hasi hadi ukingoni mwa chanya, kwa hiyo ganda likichanika pale juu, shoti iko mlangoni. Seli zilizotolewa kwenye laptopu chakavu tusizihesabu kabisa.

Ya nne, kwa kamera za AA tu, ni lithiamu ya volti 1.5 isiyochajiwa. Alkali za bei ndogo huvuja na kula springi. Za kuchaji za volti 1.2 hufanya kamera nyingi zidhani betri imekwisha.

Upande wa Raskazone na kwingine ufukweni, futa springi na ncha kwa kitambaa kikavu kila baada ya miezi 3, maana hewa ya chumvi huleta kutu, na kutu huleta joto. Betri iliyovimba usiitoboe wala usiichaji tena. Bandika utepe wa plastiki wenye gundi kwenye ncha zote mbili, iweke nje kwenye ndoo ya mchanga mkavu, mbali na makuti na mkaa, na isitiwe kwenye takataka zinazochomwa jioni.