Nimekata kebo, nimebaki na antena na intaneti: uzoefu wangu Fort Worth

Nianze na jibu, maana ndilo wengi wananiuliza kabla ya mengine yote. Ndiyo, unaweza kuishi Marekani bila televisheni ya kebo na usikose cha maana. Na kwa nyumba inayozungumza Kiswahili, mimi naona ni nafuu kuliko kebo kwa kila hali, si kwa pesa tu. Tunaishi Fort Worth, Texas, kwenye apatimenti ya ghorofa ya pili: mimi, mke wangu, watoto, na mara kwa mara mgeni kutoka nyumbani anayekaa miezi kadhaa. Kebo tulikuwa nayo kwa miaka. Sasa tuna antena ya dola 35 na intaneti ileile ya zamani.

Kilichonisukuma ni bili. Ilikuwa imevuka dola 190 kwa mwezi pamoja na intaneti, lakini ukubwa wake haukuniudhi kama mistari yake. Jioni moja niliisoma yote kwa utulivu. Kulikuwa na kodi ya kisimbuzi, na kila televisheni na kisimbuzi chake. Kulikuwa na ada ya michezo ya kanda, wakati hapa kwetu hakuna anayetazama besiboli. Halafu kulikuwa na ada ya chaneli za kawaida za jiji, yaani ABC, CBS, NBC, Fox na wenzao. Hiyo ndiyo iliyonikaa kooni. Chaneli hizo zinarushwa hewani bure kwa kila mwenye antena. Ila sheria ya kebo ya mwaka 1992 iliviruhusu vituo kuzidai kampuni za kebo malipo ndipo zibebe matangazo yao, na kampuni nazo humtwisha mteja mzigo huo. Kila mwezi nilikuwa nalipia kitu kinachopita juu ya paa letu bila malipo.

Nikaanza kuuliza habari za antena. Wenzetu wengi wakisikia neno hilo wanakumbuka chenga za zamani na mtoto aliyetumwa nje kuzungusha mlingoti huku watu wanapiga kelele ndani. Hayo yameisha. Vituo vikubwa vya Marekani vilizima analojia tarehe 12 Juni 2009, na picha ya dijitali kwa antena haina chenga: ama unaipata safi kabisa, ama inaganda na kuvunjika vipandevipande. Na ikiwa safi, mara nyingi inaishinda ya kebo, kwa sababu kampuni nyingi za kebo huibana picha ili chaneli nyingi zienee kwenye waya mmoja. Mpira wa kikapu niliouona kwa antena siku ya kwanza, nyuso za mashabiki jukwaani zilionekana moja moja. Mke wangu akaniuliza kama nimenunua televisheni mpya.

Jambo la kujua kuliko yote ni minara iko wapi. Hapa kwetu vituo vikubwa vya Dallas na Fort Worth karibu vyote vinarusha kutoka Cedar Hill, kusini-magharibi mwa Dallas, kwenye minara ambayo mingine inapita mita 450. Kutoka Fort Worth ni kilomita 40 hivi, upande wa kusini-mashariki. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ina ramani kwenye tovuti yake: unaandika anwani yako, inakutajia vituo, nguvu ya mawimbi na upande yanakotokea. Ifungue hiyo kabla ya kutoa hata dola moja dukani. Antena ya bei ndogo kwenye dirisha linalotazama minara itaishinda ya bei kubwa iliyofichwa nyuma ya kabati upande usio wake.

Usibabaishwe pia na maandishi ya kwenye boksi. Antena inayojisifu kunasa maili 200 haiwezi kulipinda umbo la dunia. Ukishapita maili 60 au 70 hivi, mnara wenyewe unakuwa umezama nyuma ya upeo. Na hakuna antena ya "4K". Antena hunasa mawimbi tu, picha ni kazi ya kituo na televisheni yako.

Sasa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi, na ndilo linalowafanya watu warudishe antena dukani wakilalamika. Namba ya chaneli unayoiona kwenye skrini si lazima iwe ndiyo masafa yake halisi. CBS 11 ya hapa inarushwa kwenye UHF, masafa ya juu yenye mawimbi mafupi, pamoja na Fox 4 na NBC 5. Lakini ABC, chaneli 8, iko VHF kweli, masafa ya chini yenye mawimbi marefu. Zile antena bapa kama karatasi, zinazobandikwa kioo cha dirisha, zimetengenezwa kwa ajili ya UHF zaidi. Niliazima moja kwa rafiki: 4, 5, 11 na 13 zikaja bila shida, chaneli 8 ikawa inakatika kila gari kubwa linapopita barabarani. Nilichonunua mimi ni antena yenye sehemu ya UHF na fito mbili za kuvuta, zile za mtindo wa zamani.

Fito hizo zina kipimo chake. Wimbi la chaneli 8 lina urefu wa mita 1.6 hivi, na fito zote mbili kwa pamoja zinatakiwa zifikie nusu yake. Kwa hiyo vuta kila fito mpaka sentimita 40, usizivute mpaka mwisho kwa kudhani ndefu ndiyo bora. Kisha zilaze, zisisimame: moja kulia, moja kushoto, kama mtu aliyenyoosha mikono, na kifua chake kiwe kimeelekea minarani. Nilipozipima kwa futi ya fundi cherehani na kuzigeuza kuelekea Cedar Hill, chaneli 8 ilitulia, na haijasumbua tena isipokuwa kwenye radi kali.

Baada ya hapo unaingia kwenye menyu ya televisheni, unachagua antena badala ya kebo (hapo ndipo wengi wanapokwama, televisheni inatafuta kwenye waya ambao haupo), kisha unaiamuru itafute chaneli. Rudia mara mojamoja, vituo hubadilisha mambo yao. Waya wa antena uwe wa aina ya RG6 na usiwe mrefu bila sababu. Ukigawa waya mmoja kwa televisheni mbili, kila moja inabaki na chini ya nusu ya nguvu. Na busta ya kukuza mawimbi usiiharakie: ukiwa karibu na minara, mawimbi yakizidi nguvu televisheni inalemewa na unapoteza chaneli ulizokuwa nazo.

Nilipotaka kuihamishia antena kwenye roshani, ofisi ya nyumba tunamopanga ilisema hairuhusiwi. Wapangaji wenzangu, lisikieni hili. Kuna kanuni ya FCC ya mwaka 1996, ambayo tangu 1999 inatulinda hata wapangaji, inayomzuia mwenye nyumba au chama cha wakazi kukukataza kuweka antena ya televisheni mahali ambapo ni pa matumizi yako peke yako, na roshani yako ni mahali hapo. Anaweza kukukataza kutoboa ukuta wake, na paa la jengo zima si lako. Lakini antena iliyosimama kwenye kitako chake ndani ya roshani yako, hapana. Niliichapisha kanuni yenyewe nikaipeleka ofisini kwa heshima, tukamalizana bila ugomvi. Wengi wetu tukiambiwa "hairuhusiwi" tunanyamaza kwa sababu ni wageni nchi ya watu. Haki hii ni ya kila mpangaji mwenye mahali pake kama hapo.

Antena imetupa mji tunaoishi: habari za hapa, PBS (televisheni ya umma) kwa watoto, filamu za zamani, na zaidi ya yote hali ya hewa. Majira ya vimbunga Texas si mchezo. King'ora kikilia usiku, vituo vya jiji hukatisha vipindi na mtabiri anataja barabara kwa majina, kimbunga kiko wapi na kinaelekea wapi. Intaneti inaweza kukatika saa hiyohiyo; antena haihitaji intaneti. Februari 2021, baridi ilipoigandisha Texas na mamilioni ya watu wakakosa umeme, mwenye televisheni ndogo ya betri na antena aliendelea kupata taarifa.

Ila nyumbani kwetu ni kwingine pia, na hapo ndipo mtandao unapoingia. Mama mkwe alipokuja kutoka Tanga kumsaidia mke wangu na mtoto mchanga, bado tulikuwa na kebo yenye chaneli mia na ushee. Alikaa nayo kwa upole kama wiki hivi, kisha akasema: "Baba Salma, mwanangu, mambo yote haya humu ndani, hakuna hata taarifa ya habari ya kwetu?" Hakukuwa nayo. Kebo haikuwahi kutuletea hata saa moja ya Kiswahili.

YouTube ilimletea bila senti. Vituo vya Kenya kama Citizen, NTV na KTN vinarusha mubashara humo, na BBC na DW wanaweka vipindi vyao vya Kiswahili. Nipashe ya Citizen ya saa 1 usiku, hapa Texas ni saa 4 asubuhi wakati wa baridi na saa 5 wakati wa kiangazi. Mama akawa na ratiba yake: chai, mtoto mgongoni, Nipashe, halafu taarifa ya Tanzania ya saa 2 usiku inayofuata saa moja baadaye. Jirani yetu, mama wa Kikongomani kutoka Bukavu, akawa anashuka kusikiliza naye. Wakati mwingine walibishana habari za Goma mpaka chai ikapoa. Kwangu mimi hicho kina thamani kuliko kifurushi chochote.

Kwa filamu na vipindi vingine, Pluto TV na Tubi ni za bure, zina matangazo ya biashara, na zinatosha. Tubi ilionyesha hata Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, ya Februari 2025 bila malipo. Kulipia, tunalipia huduma moja kwa wakati mmoja, tukimaliza tunachokitaka tunaifuta. Hazina mkataba, hilo ndilo zuri lake kubwa. Jihadhari na vifurushi vya mtandaoni vinavyojaribu kuwa kebo upya. YouTube TV ilianza mwaka 2017 kwa dola 35 kwa mwezi. Tangu Januari 2025 ni dola 82.99. Ukichukua hiyo na ya pili na ya tatu, umerudi ulikotoka.

Mpira wa miguu ndiyo sehemu inayouma, na sitaki kuwapamba. Kombe la Dunia la 2026, ambalo uwanja wa Arlington hapa jirani ulipangiwa mechi 9, haki za Marekani ni za Fox kwa Kiingereza na Telemundo kwa Kihispania, na zote mbili tunazinasa kwa antena. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya huonyeshwa CBS. Ligi Kuu ya Uingereza, mechi ya Jumamosi saa 5:30 asubuhi ya hapa mara nyingi iko NBC, bure. Nyingine zimetawanyika kati ya Peacock, huduma ya kulipia ya NBC mtandaoni, na chaneli ya kebo, na ukiwa shabiki wa timu moja utakosa baadhi hata ukilipa Peacock. AFCON ndiyo ngumu zaidi, haijawahi kutufikia kwa antena. Kwa ile ya 2027 itakayochezwa Kenya, Uganda na Tanzania, sisi tumeshakubaliana nyumba kadhaa: yeyote atakayekuwa na haki za kuionyesha, tutalipia mwezi huo na kutazama pamoja.

Kingine ulichozoea kwenye kebo ni kurekodi. Antena peke yake hairekodi. Kipo kifaa kiitwacho Tablo, cha kizazi cha nne kilichotoka 2023, kinachorekodi chaneli za antena bila ada ya mwezi. Tulikinunua kwa ajili ya katuni za watoto za PBS na hatujakijutia.

Siku ya kuivunja kebo, peleka visimbuzi mwenyewe dukani kwao na udai risiti yenye namba ya kila kimoja. Mimi niliandikiwa deni la kisimbuzi nilichokwisha kurudisha. Risiti ndiyo iliyoniokoa. Na ukibakiza intaneti peke yake, uliza bei yake kabla hujasema unaacha televisheni, kisha uliza kama kuna kikomo cha matumizi ya mwezi. Netflix ya picha nzuri inakula mpaka GB 3 kwa saa, na nyumba yenye watoto inafika mbali.

Sisi sasa tunalipa intaneti dola 65 na huduma moja ya dola 10 na kitu. Kinachobaki, sehemu yake inakwenda Tanga.

Anayeishi mbali na minara, tuseme Denton au zaidi kaskazini, asitegemee antena ya dirishani. Aweke ya darini au ya paani kama nyumba ni yake. Walio Houston, minara yenu mingi iko Missouri City, kusini-magharibi mwa jiji. Minneapolis na St. Paul, elekezeni Shoreview, kaskazini. Chicago ni juu ya Willis Tower katikati ya jiji, na huko CBS 2 nayo iko VHF, kwa hiyo tafuteni antena yenye fito.