Kununua trena ya baiskeli: anza na jirani wa chini

Kikaratasi kilibandikwa mlangoni kwetu mwezi wa Januari, kwa mwandiko mzuri wa watu wa zamani. Bibi wa ghorofa ya pili aliuliza, kwa adabu zote, kama tumefungua mashine ya kusaga. Mimi nimekulia Morogoro, nyumba ya tatu kutoka mashine ya kukoboa mpunga, kwa hiyo swali lile lilinichoma kuliko yeye alivyojua. Na alikuwa sahihi. Nilikuwa nimelipa euro 230 kwa mashine ya kusaga, nikaiita trena.

Kwa mgeni wa mambo haya: trena janja ni mashine unayofungia baiskeli yako mwenyewe, ukaendesha palepale sebuleni, nayo inawasiliana na simu au kompyuta. Ukifika mlimani kwenye skrini, pedali zinakaza, ukiteremka, zinalegea. Hapa Hamburg jua la Desemba linazama saa kumi jioni. Unatoka kazini giza limeshaingia na njia za baiskeli zina barafu. Ama ununue trena, ama baiskeli ilale mpaka Machi.

Miongozo mingine itakueleza usahihi wa wati, yaani nguvu unayopiga pedali, na mlima wa asilimia ngapi. Hayo yameandikwa kwenye boksi. Mimi nina swali moja tu: inatetemesha sakafu kiasi gani?

Maana kelele na mtetemo ni vitu viwili. Kelele inapita hewani, na ndiyo wanayoipima kwa desibeli na kuitangaza. Mtetemo unashuka kwenye miguu ya mashine, unaingia kwenye mbao, unafuata maboriti, unatokea darini kwa mtu mwingine. Wewe uliye juu ya baiskeli huujui, una feni usoni na muziki masikioni. Nilishuka kuusikia mwenyewe, mdogo wangu akipiga pedali juu. Bibi alinikaribisha jikoni akanimiminia chai. Hatukuongea. Kijiko kilikuwa kinacheza kwenye kisahani.

Ile yangu ya kwanza ilikuwa ya aina ya kubana tairi: gurudumu la nyuma linakaa mahali pake, kigogo cha chuma kinalisugua. Usiinunue aina hiyo ikiwa kuna mtu anaishi chini yako. Tairi ina vijino na mabonde, kila mzunguko ni nyundo ndogo, na juu ya hapo inalika haraka. Duka la mtandaoni liliandika "kimya kabisa". Nilipotaka kurudisha nikaambiwa nina siku 14, sheria ndivyo inavyosema, ila gharama ya kutuma ni yangu. Mzigo mzito, ngazi za ghorofa tatu, lifti hakuna. Niliiuza kwa mwanafunzi anayekaa chini kabisa, ghorofa ya ardhini. Sijamdanganya, nilimwambia kila kitu.

Kwa hiyo tafuta ile ambayo unaondoa gurudumu la nyuma, baiskeli ikafungwa moja kwa moja kwenye mashine. Ninavyozipanga ni hivi.

Ya kwanza ni KICKR CORE ya kampuni ya Wahoo, na siombi radhi, mimi ni mtu wa Wahoo. Ndiyo niliyonayo. Ndani yake mkanda unazungusha gurudumu zito la kilo 5.4, hakuna kitu kinachosugua kitu, na sauti inayobaki ni ya mnyororo wako mwenyewe (ukiona unalia, uoshe, usilaumu mashine). Ina uzito wa kilo 18 hivi, naweza kuisogeza bila kuita mtu. Toleo la pili lilitoka 2025 kwa takriban euro 550, na unaweza kulipata likiwa na Zwift Cog (Zwift ni programu ya mchezo wa kuendesha baiskeli kwenye skrini), yaani kipande kimoja tu cha meno badala ya kaseti nzima, lile rundo la meno ya gia za nyuma, gia zikabadilishwa kielektroniki. Kasoro yake ni miguu: migumu, inagusa sakafu bila huruma. Dawa yake nitaisema.

Ya pili ni KICKR yenyewe, kaka mkubwa. Gurudumu lake la ndani lina kilo 7.3, na kuanzia toleo la 2020 imekuja na miguu inayoitwa AXIS, yenye vifuniko laini vya ugumu tofauti, mashine ikayumba kidogo kulia na kushoto unapokanyaga. Kwa swali langu la sakafu hii ilipaswa kuwa ya kwanza. Bei ndiyo imeishusha.

Ya tatu ni Tacx NEO, kutoka kampuni ya Kiholanzi iliyonunuliwa na Garmin 2019. Haina mkanda, ni sumaku tupu, na inafanya kazi hata bila kuchomekwa kwenye umeme. Kazi ya ufundi kwelikweli. Lakini wameiwekea uwezo wa kuiga barabara: ukipita kwenye mawe au daraja la mbao ndani ya mchezo, mashine inatetemeka kwa makusudi. Jamani! Mimi nahangaika kuondoa mtetemo, wao wanauongeza kama pilipili.

Elite Suito ya Waitaliano inamfaa asiye na nafasi. Inajikunja, ina kilo 14.5, na imeuzwa ikiwa na kaseti tayari. Za bei ya chini kama Van Rysel D100 ya Decathlon zipo, ila kikomo chake ni wati 600, na sina zaidi la kusema.

Sasa dawa. Mkeka mwembamba wa povu wanaokuuzia pamoja na trena unakinga jasho tu. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, nunua mpira mnene wa kuweka chini ya mashine ya kufulia. Juu yake weka ubao mzito, kisha trena. Wenye subira hutoboa mashimo kwenye ubao, wakapanga mipira ya tenisi katikati ya mbao mbili. Kichekesho kukitazama, lakini ndicho kilichotuliza kijiko cha bibi. Na usiweke katikati ya chumba ambako mbao zinanesa. Sogea ukutani. Mbio za kusimama juu ya pedali zifanye mchana, maana hapa saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa kimya, na Jumapili ni kimya siku nzima.

Hesabu pia vitu wasivyokutajia. Picha ya tangazo ina kaseti inayong'aa. Soma chini kwa herufi za sisimizi, "haijajumuishwa". Halafu vifaa viwili vya kuifunga, halafu feni. Halafu programu: Zwift ilikuwa euro 14.99 kwa mwezi, 2024 ikapanda hadi 19.99, yaani euro tano zaidi kwa kisiwa kilekile cha kubuni cha Watopia ndani ya mchezo. Nilihamia MyWhoosh ya Abu Dhabi, ambayo ni bure. Kejeli yenyewe naipenda: watu wa jangwani ndio wanaonisaidia kupita baridi ya Ujerumani.

Juzi nimekutana na bibi kwenye ngazi, amebeba viazi, nikampokea mfuko. Akaniuliza kama ile mashine ya kusaga tumeiuza. Nikamwambia ndiyo.