Blashi za machipuko za brandi kubwa: angalia weupe wa chini kabla hujatoa hela

Mwenzenu mwaka huu nilinunua blashi, ile poda ya kutia rangi mashavuni, ya msimu wa machipuko (spring) ya brandi kubwa, ile ya kopo zito linalojifunga kwa sumaku, na juu ya poda wamechonga maua mazuri mpaka unaona huruma kuweka brashi. Rangi yake waridi hafifu inayoelekea zambarau. Kwenye kopo jamani ilikuwa nzuri, nzuri kweli, nikalipa hela niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya viatu. Siku ya sherehe ya rafiki yangu nikaipaka asubuhi nikiwa na haraka, nikaondoka, na mama yake aliponishika mashavu kunisalimia akanitazama kidogo halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu mbona umepauka hivyo, unaumwa?"

Nikaenda chooni kujiangalia. Mashavu yalikuwa ya jivu, yaani hamna waridi wala zambarau, jivu, kama mtu aliyetoka kuoga akasahau kupaka mafuta. Nikafuta kwa tishu, nikaongeza kidogo nikidhani nimepaka chache, ikazidi kuharibika. Picha zilizopigwa na flashi sitaki hata kuzifungua, mashavu yanatoka meupe na uso uliobaki una rangi yake.

Brandi siitaji, na kuitaja hakutasaidia mtu, kwa sababu tangu siku ile nimejaribu blashi za machipuko nyingi sana, testa za dukani (zile za kujaribia), za dada yangu, za marafiki, na ugonjwa ni huohuo kwenye makopo ya kila aina. Kwa hiyo hapa sitaongelea ipi inakaa saa ngapi, ipi inanukia vizuri wala kopo lipi linapendeza mezani, hayo yameshaandikwa mno na hata ukiyajua yote bado unaweza kutoka umepauka. Mi naangalia kitu kimoja tu, nakiita weupe wa chini.

Rangi za machipuko karibu zote ni hafifu: waridi ya maziwa, pichi, zambarau iliyofifia, kijani changa cha kupaka juu ya kope. Ili nyekundu iwe waridi hafifu lazima ichanganywe na kitu cheupe, na hicho cheupe mara nyingi ni titani dioksidi, hiyohiyo inayofanya rangi ya ukutani iwe nyeupe na hiyohiyo iliyomo kwenye sanskrini zinazokuacha na ukungu usoni. Kazi yake ni kurudisha mwanga. Juu ya ngozi nyeupe haikusumbui sana maana ule weupe unajichanganya na ngozi, unabaki unaona waridi peke yake. Ila juu ya ngozi nyeusi au ya kahawia ile rangi kidogo iliyomo inamezwa, kinachobaki ni unga mweupe umelala juu, na weupe mwembamba juu ya kahawia jicho linausoma kuwa kijivu. Ndo maana kuongeza blashi hakusaidii, unazidi kuongeza chokaa.

Mtu ataniambia si usome viambato nyuma ya boksi. Nimesoma sana. Titani dioksidi huandikwa CI 77891, na utaikuta kwenye makopo mengi mno, hata yale mazuri, kwa sababu hata ule unga wa kung'aa mara nyingi ni maika, madini ya kumetameta, iliyovikwa titani dioksidi. Halafu sheria ya vipodozi ya Umoja wa Ulaya, namba 1223 ya mwaka 2009, inaruhusu rangi ziandikwe kwa mpangilio wowote mwishoni mwa orodha, na kama bidhaa ina vivuli vingi, yaani inauzwa kwa rangi mbalimbali, basi wanaweza kuziorodhesha rangi za vivuli vyote kwa pamoja baada ya alama ya +/-. Yaani orodha moja inatumika kwa waridi ya maziwa na kwa nyekundu iliyoiva, sasa wewe utajuaje kwenye kivuli chako weupe umewekwa kiasi gani? Huwezi. Lazima upake.

Kupaka kwenyewe kuna namna yake na wengi tunakosea. Acha mgongo wa mkono, mikono ya wengi wetu ina rangi tofauti na uso. Chota kwa kidole kisafi, bandika nene kwenye taya karibu na sikio, na usiangalie katikati maana katikati kila blashi inapendeza. Futa kwa kidole kuelekea shingoni mpaka ikaribie kuisha, halafu utazame ukingoni, pale rangi inapoachana na ngozi. Ukiona wekundu mwembamba kama damu imepanda chini ya ngozi, hiyo ni yako. Ukiona ukungu, kama kiganja kilichofuta ubao wa chaki, iache, hata kama kopo limekuteka moyo. Kisha subiri dakika kumi, kwa sababu mafuta ya ngozi yanailowanisha poda, na kuna rangi zinaiva vizuri zikishapata mafuta na kuna zinazogeuka tope. Zikiisha toka kwenye taa za duka, simama kwenye mwanga wa mchana, jipige picha mbili, moja na flashi moja bila. Na tafadhali testa usiiguse na mdomo wala macho, hujui imepita kwa nani.

Haya, mpangilio wangu wa blashi zilizofaulu kipimo hicho.

Namba moja ni NARS na sifichi, mi ni mtu wa NARS miaka yote. François Nars alianza mwaka 1994 na lipstiki 12 tu, na mpaka leo ukifungua makopo yao unaona watu wasioogopa rangi. Wengi wanaijua blashi yao inayoitwa Orgasm iliyotoka 1999, ile pichi yenye waridi na vumbi la dhahabu, ni nzuri, lakini kwenye ngozi nyeusi tii inakupa mng'ao zaidi kuliko rangi. Ninayotaka ujaribu ni Exhibit A. Kwenye kopo ni nyekundu kabisa, nyekundu ya bendera, na wauzaji wengi hawatakuonyesha kwa sababu wao wenyewe wanaiogopa. Gusa kwa brashi mara moja, moja tu, kung'uta, halafu pitisha shavuni kama unapangusa vumbi. Mara ya kwanza nilipoipaka nilisimama mbele ya kioo nikidhani haijashika, nikageuka upande wa dirisha nikaona shavu limeamka, kama nimetoka kupanda ngazi mbio na kuna habari njema nataka kumwambia mtu. Ukingoni hamna ukungu hata chembe. Nikaelewa siku hiyo kwamba machipuko kwenye ngozi yangu yanakuja na rangi kali iliyopakwa nyembamba, hizi hafifu zinazopakwa nene hazina kazi na mimi. Na kwa kuwa unagusa mara moja, kopo lake la gramu 4.8 utakaa nalo mpaka ulichoke. Haipo kwenye kolekshen yoyote ya msimu, ipo mwaka mzima, na hilo nalipenda pia.

Namba mbili Pat McGrath Labs. Huyu mama ni Mwingereza mweusi, amepaka mekapu kwenye majukwaa ya mitindo miaka mingi sana kabla ya kuanzisha kampuni yake 2015, na mwaka 2021 Uingereza ikampa cheo cha heshima cha Dame. Ukipaka Divine Blush zake unaona kwamba aliyezitengeneza anaijua ngozi nyeusi kutoka nyumbani. Chagua waridi kali au zile za zambarau. Poda ni laini mno, brashi ikigusa tu imebeba. Nimemweka wa pili kwa sababu vivuli vingine vina mng'ao, na mng'ao kwenye ngozi yenye vipele unavitangaza.

Namba tatu ntawashangaza, MAC, kivuli kinaitwa Raizin. Wao walianzia Toronto 1984 wakilenga wapaka mekapu wa kazi, na Raizin ni nyekundu ya udongo, ukiitazama kwenye kopo huwezi kusema ni ya machipuko, ni ya mvua na matope. Lakini ukingo wake ni msafi na unapata gramu 6. Ukiwa na Raizin chini, unaweza kupaka juu yake hata ile waridi hafifu uliyoipenda kwa macho na isikupaushe. Hilo nalirudia mwishoni maana najua wengi mna makopo ya majuto nyumbani.

Namba nne, kama ngozi yako ni kavu, Fenty, kampuni ya Rihanna, zile blashi za krimu, kivuli cha Summertime Wine. Krimu ina nafuu yake kwenye hili jambo, mafuta yaliyomo yanaulowanisha weupe usikae juu kama vumbi. Ila ni gramu 3, kopo dogo, na kidole kinakula nyingi kuliko brashi.

Kwa midomo, maana kolekshen za machipuko haziji bila lipstiki za waridi ya maziwa, hizo mi nimezikataa zote, zinaingia kwenye mikunjo ya mdomo na kukaa humo nyeupe, ukicheka tu zinaonekana. Chukua Dior Addict Lip Glow, mafuta ya mdomo yenye rangi kidogo. Ile ni ya kupitisha mwanga, rangi yake inaitikia unyevu wa mdomo wako mwenyewe, kwa hiyo mdomo wenye kingo nyeusi unabaki mdomo wako umeiva kidogo. Kama umeng'ang'ania waridi ya maziwa basi penseli ya kahawia iliyokoza izunguke kwanza, uichanganye kwa kidole kuelekea ndani.

Météorites za Guerlain, vile vipira vya poda vya rangi rangi vilivyoanza 1987, kila machipuko watu wanavitamani, na ni vizuri kuvitazama jamani. Ukitaka kuvitumia chukua kivuli cheusi kuliko vyote walivyonacho, brashi kubwa, kidogo sana, na kipimo cha flashi usikiruke.

Za bei chee mtaniuliza. Lipstiki ya matte, yaani isiyong'aa, ya rangi ya tunda la zambarau au matofali, ichovye kwa kidole, ipapase shavuni, basi.

Sasa kuna jambo linaniuma na lazima niliseme. Mwaka 2017 Fenty walitoka na faundesheni, ile ya kupaka uso mzima ifanane na ngozi, ya vivuli 40, na makampuni mengi yakakimbia kuongeza vivuli vyao, yakapiga picha na wadada wa kila rangi, tukafurahi. Lakini nenda kwenye kolekshen ya machipuko ya hayohayo makampuni, unakuta blashi vivuli viwili au vitatu, vyote hafifu. Faundesheni yangu wanayo, halafu cha kupaka juu yake hawana. Ni kama fundi anakupima mwili mzima, nguo anakushonea mkono mmoja. Na bei inapanda kila msimu, gramu hazipandi, unalipia sumaku na maua ya kuchongwa ambayo baada ya wiki mbili za brashi yameshafutika.

Na wauzaji. Muuzaji aliyeniuzia ile yangu alinipaka kwenye mgongo wa mkono, chini ya taa kali, akanirembulia macho akasema "dada imekupendeza hiyo, na imebaki moja." Imebaki moja! Nikalipa. Niliporudi dukani kesho yake baada ya ile sherehe, boksi likiwa na kila kitu chake, nimetumia mara moja tu, nikaambiwa iliyofunguliwa hairudi. Sawa, naelewa vipodozi vilivyoguswa havirudi, ni usafi, sibishani na hilo. Lakini kama hairudi basi nipeni nafasi ya kuipima usoni, nipeni kioo karibu na mlango, msinisukume. Dakika kumi ninazowaomba ni chache kuliko muda wa kunifungia ile riboni. Mtandaoni ni hivyohivyo, mikono mitatu ya rangi tatu imepangwa na mstari wa blashi juu yake, ukikuza picha unakuta mstari ni uleule, umebandikwa kwa kompyuta, mpaka kovu dogo la brashi limejirudia mikono yote mitatu. Nikiona hivyo nafunga.

Ile yangu sijaitupa. Naanza na Raizin au krimu yoyote iliyokoza, naiacha ikauke, halafu ile waridi naichukua kwa brashi ndogo ya kope na kuiweka juu ya mfupa wa shavu tu, sehemu ndogo kama ukucha wa kidole gumba, pale ambapo mwanga ungegonga hata bila mekapu. Nikiipeleka chini ya hapo, karibu na pua, ukungu unarudi palepale. Na kwenye kope naipaka katikati, juu ya kahawia, ikiwa bado na unyevu wa krimu chini.