Ndoo, pipa, chupa au stenlesi: kipi kinafaa kuchachushia kabla ya kukeneka?

Wengi wanaoanza kukeneka (kuchemsha pombe na kuukusanya mvuke wake) nyumbani humaliza pesa kwenye mtambo, halafu cha kuchachushia wanaokota chochote kilicho karibu. Hapo wamekosea mpango. Mtambo hautengenezi pombe. Unaitoa tu ile ambayo hamira imekwisha kuitengeneza, pamoja na harufu zote mbaya zilizozaliwa humo. Kwa hiyo, ukishapata kibali (nchi nyingi huruhusu kuchachusha nyumbani lakini si kukeneka), chagua chombo kwa kuangalia mambo matatu: kinatoaje joto, kinamwagikaje, kinasafishikaje. Mng'aro wake hauna kazi.

Ndoo ya lita 30 yenye mdomo mpana ndiyo tunayoipa alama za juu. Iwe ya plastiki ya HDPE, ile yenye namba 2 ndani ya pembetatu, na iwe na alama ya glasi na uma. Namba 2 peke yake inataja aina ya plastiki tu, haisemi kama inafaa kwa chakula. Lita 30 si za kujaza. Pombe ya sukari haina povu jingi, hivyo unaweza kufika lita 25. Nafaka zinapanda juu kama kofia na kusukuma mfuniko, kwa hiyo ishia lita 21 au 22.

Faida kubwa ya ndoo ni kwamba mkono mzima unaingia hadi chini. Osha kwa kitambaa laini au sponji. Ukiisugua kwa steliwaya umeiharibu, kwa sababu bakteria hujificha kwenye mikwaruzo na hakuna dawa itakayowafikia vizuri.

Udhaifu wake ni mfuniko. Mara nyingi haubani sawasawa, gesi inapitia pembeni, kipumulio cha maji (kimfereji chenye maji kinachotoa gesi kwa viputo bila kuingiza hewa) kinanyamaza, na mtu anadhani hamira imekufa. Anaongeza nyingine bure. Kipumulio si kipimo. Kipimo ni haidromita, kijiti kinachoelea na kuonyesha uzito wa kimiminika, maji matupu yakiwa 1.000. Mfano: kilo 5 za sukari, maji hadi jumla iwe lita 25. Hizo ni gramu 200 kwa lita, na haidromita itasoma 1.077 hivi. Kila gramu 17 kwa lita hutoa takriban asilimia 1 ya kilevi, kwa hiyo unatazamia karibu asilimia 12. Ikishuka hadi 0.990 au karibu yake, na ikabaki palepale siku 2 mfululizo, imekwisha. Ikigoma kwenye 1.040, pima ukali wa asidi kabla ya kulaumu hamira. Maji ya sukari hayana cha kuzuia asidi isipande, na pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imepanda) ikishuka chini ya 3.5 hamira huanza kuchoka. Mfuko wa kitambaa wenye maganda ya chaza yaliyopondwa, ukitumbukizwa tangu siku ya kwanza, huzuia hilo kwa gharama ndogo sana.

Kama ndoo ina koki, iwe sentimita 2 au 3 juu ya kitako ili machicha yabaki chini. Ijaribu kwa maji matupu usiku mzima kabla ya kuiamini. Na ifungue vipande vyote kila baada ya mzunguko: ndani ya nyuzi za skrubu ndimo uchachu usiotakiwa unamoishi. Koki isiyofunguka usiinunue kabisa. Kwa nafaka hata nzuri itaziba; chuja kwa mfuko kupitia mdomoni.

Pipa la lita 200 lina bei nzuri kwa kila lita, na ndiyo maana linawadanganya watu. Tatizo lake ni joto. Hamira inapokula sukari hutoa joto, na kwa kiwango cha gramu 200 kwa lita, kama joto hilo lote lingebaki ndani, joto la mchanganyiko lingeongezeka kwa zaidi ya nyuzi 20. Ndoo hulitoa kupitia kuta zake. Pipa lina ujazo mkubwa na ngozi ndogo kwa kulinganisha, kwa hiyo linalishika. Hamira ya mkate inafanya kazi kwa raha kwenye nyuzi 25 hadi 32. Ikipita 35 inaanza kutoa harufu kali, na ukikaribia 40 inaweza kukwama au kufa. Basi lianze likiwa kwenye 22 hadi 24, tia nusu ya sukari mwanzoni na nusu nyingine haidromita ikishafika nusu ya safari. Weka karibu chupa za plastiki zenye barafu, zilizooshwa vizuri nje, za kutumbukiza likizidi.

Lipange mahali pake kabla ya kulijaza, juu ya matofali, kitako kikiwa juu ya mdomo wa chungu cha mtambo. Lita 160 za mchanganyiko huo ni zaidi ya kilo 170. Hakuna wa kulihamisha. Kilo 32 za sukari zilizomo hutoa kiasi cha kilo 16 za kaboni dayoksaidi, yaani mita za ujazo 8 na kitu. Katika chumba kidogo kisicho na dirisha hiyo inaua mtu, kwa hiyo hewa ipite, na usiingize kichwa ndani ya pipa. La mtumba liwe lilihifadhi chakula tu. La kemikali halioshwi likafaa.

Chupa kubwa za kioo hatuzipendekezi. Mdomo mwembamba, nzito, zinateleza zikilowa, na maji ya moto huzipasua.

Stenlesi ya 304 (daraja la chuma kisichoshika kutu) ni nzuri kama pesa ipo: haishiki harufu, inadumu. Usiioshe kwa dawa ya klorini, itaitoboa vishimo. Ile yenye kitako cha pia inawafaa wapika bia. Kwa anayekeneka ni gharama ya ziada tu. Usiidhanie kuwa sawa na ndoo ya bati lililopakwa zinki: asidi huyeyusha zinki, na zinki ni sumu.

Pombe ikishatulia, iache siku 2 au 3 mahali pa baridi hamira izame, kwani ikiingia kwenye chungu huungua chini na ladha hiyo haitoki. Kabla ya kufungua koki, legeza mfuniko. Ukisahau, chombo kitavuta hewa kupitia kipumulio na maji yake machafu yatamiminikia ndani. Na kama kipumulio kimeziba, utaona kuta za ndoo zikibonyea.