Ramani ya King's County: chapa safi, kikadi kibovu

Nilikuwa natafuta zawadi ya mzee ninayemhudumia hapa Tullamore, Ireland. Katimiza miaka 85, miguu imekataa, lakini mtajie kijiji chochote cha kaunti ya Offaly atakwambia nani alikaa nyumba ya kona na ng'ombe wake walikuwa wangapi. Kwenye duka moja la vitu vya kale nikakuta nakala ya ramani ya zamani, tayari imetiwa fremu nyeusi, euro 48. Kikadi kilisema "Offaly, 1860". Nikalipa bila kuuliza.

Nimeifungua nyumbani, ndipo nikaisoma. Juu, kwa herufi za madaha, pameandikwa KING'S COUNTY. Neno Offaly sikuliona popote, hata nilipopitisha kioo cha kukuzia.

Kumbe kaunti ni ileile. Mwaka 1556, enzi za Malkia Mary wa Kwanza wa Uingereza, ardhi ya ukoo wa O'Connor iligeuzwa kaunti ya Kiingereza ili wapandikizwe walowezi. Ikaitwa Kaunti ya Mfalme, na mfalme mwenyewe ni mumewe Mary, Philip wa Hispania, ambaye hakuwahi kukanyaga Ireland. Jirani yake, nchi ya akina O'More, ikawa Queen's County. Leo ni Laois. Makao makuu nayo yakapewa majina ya maharusi hao: Philipstown huku, Maryborough kule. Wakati wa kupigania uhuru, na baada ya nchi kujitawala mwaka 1922, majina hayo yakatupwa. Philipstown ni Daingean, Maryborough ni Portlaoise. Sisi Wakenya hadithi ya namna hii hatuhitaji kufafanuliwa.

Na ule mwaka wa kikadi? Mfereji wa Grand Canal umechorwa vizuri sana, unapita Tullamore mpaka mto Shannon, ambako ulifika mwaka 1804. Reli haipo. Treni ilifika Tullamore mwaka 1854, na sidhani mchoraji wa 1860 angeisahau. Basi ramani yenyewe ni ya zamani kuliko ilivyonadiwa. Kikadi kina maneno mawili tu, na yote mawili yananitia shaka.

Chapa yenyewe sina neno nayo. Karatasi nzito, wino haujavuja, kila tarafa ina rangi yake iliyofifia. Mji wa Birr umeandikwa Parsonstown, kwa jina la familia ya Parsons, wenye ile ngome ambamo mwaka 1845 ilikamilishwa darubini iliyobaki kubwa kuliko zote duniani hadi 1917. Kilcormac ni Frankford. Huko chini kabisa, kwenye tarafa ya Clonlisk, karibu kudondokea kaunti jirani ya Tipperary, nikaiona Moneygall. Hapo nilikaa muda. Falmouth Kearney aliondoka kijijini hapo mwaka 1850 kwenda Marekani, na mmoja wa wazao wake, kwa upande wa mama, ni Barack Obama. Kearney hakutoka Offaly. Kwa jina la siku zile alitoka King's County. Ukitafuta watu wa zamani wa huku, jina hilo ndilo ufunguo: hata sensa za 1901 na 1911 zilifanywa chini yake.

Fremu ndiyo aibu. Kioo ni plastiki inayovutia vumbi kama sumaku, na kulabu ya nyuma iling'oka siku ya pili. Nimeweka nyingine kwa euro 3.

Mzee alipoiona alinyamaza, nikajua nimeharibu. "Hilo jina baba hakuruhusu litamkwe mezani," akasema. Kisha akaniagiza bahasha iliyo chini ya soksi kwenye droo. Ndani mlikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mama yake, na pale pa kaunti pameandikwa King's. Akakiweka juu ya blanketi kando ya ramani, akaanza kutafuta shamba la babu kwa kidole. Chai ikapoa. Alilipata, au alisema amelipata. Mimi niliona kinamasi tu.

Naipa nyota nne. Tano ingepata kama muuzaji angesoma anachokiuza. Ukienda, omba isiyo na fremu, ni euro 30. Ya Queen's County nayo ilikuwepo rafu ya chini, ila pembe moja ililowa maji, na kikadi chake kilisema Laois.